Antena ya masikio na usiku wa Emmy: uzoefu wangu hapa Houston

Kwa mtu anayependa tamthilia na msimu wa tuzo kama mimi, na anaishi Marekani, sijaona kifaa kinacholipa kama antena ya ndani. Yangu ni ile ya kizamani kabisa: masikio mawili ya kuvuta, katikati kitanzi cha duara, na bei yake haifiki dola 30. Ukishanunua umenunua. Hakuna kifurushi wala meseji ya kukukumbusha kwamba huduma inakatika kesho. Naandika hasa kwa Waswahili wenzangu tulioko huku, maana nikienda kuwatembelea nawakuta wanalipia programu nne au tano za kuangalia TV kwa intaneti kila mwezi, na bado ikifika siku ya Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani, simu inaita: "Dada, wewe unaangalizia wapi?"

Naelewa kwa nini wengi hawaifikirii antena. Tuliotoka Dar es Salaam tunakumbuka mitambo ya analojia ilipozimwa tarehe 31 Desemba 2012. Antena juu ya bati ikabaki pambo, na bila king'amuzi huoni kitu. Huku walizima ya kwao tarehe 12 Juni 2009, lakini mpango wao ulikuwa tofauti: king'amuzi kimo ndani ya TV yenyewe. Unachomeka waya wa antena nyuma, unaingia kwenye menyu, unachagua chanzo cha antena, unaiamuru TV itafute chaneli, unasubiri dakika chache. ABC, CBS, NBC, Fox na PBS zote zinaingia bure, na hakuna ada ya serikali ya kumiliki TV. Ndugu zetu wa Uingereza wanaolipa leseni ya TV, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka 2025/26, wanajua hilo lina uzito gani.

Sasa tuzo zinaingiaje hapa. Emmy za usiku mkubwa, zile zinazotolewa na Television Academy kwa vipindi vya saa za jioni, hazina chaneli moja ya kudumu. Kwa miaka mingi zimekuwa zikizunguka kwa zamu kati ya vituo vinne vikubwa: ABC, CBS, NBC na Fox. Sherehe ya 75, iliyocheleweshwa na migomo ya waandishi na waigizaji, ilirushwa na Fox Januari 2024. Septemba mwaka huohuo ikawa ABC. Septemba 2025 ikawa CBS. Mwenye kulipia programu kila mwaka anaanza upya kuuliza safari hii iko wapi. Mwenye antena hana swali hilo, kwa sababu vyote vinne anavyo. Na mwaka 2025 wale waliokuwa na Paramount+ (programu ya kulipia ya wenye CBS) ya bei ya chini hawakuweza kuiona moja kwa moja. Ilirushwa kwa wenye kifurushi cha juu, wengine wakasubiri kesho yake. Tuzo za kesho yake mimi sizitaki. Nikishajua nani kashinda, raha imekwisha.

Lakini kuna jambo la Houston ambalo duka halikwambii, na hapa nataka niseme kwa kirefu kwa sababu limewakosesha watu wengi.

Antena zinazouzwa sana ni zile bapa, nyembamba, za kubandika dirishani. Zinapendeza, hazichukui nafasi, na kwenye boksi wameandika maili nyingi za kutia moyo. Nyingi zimetengenezwa zaidi kwa mawimbi ya UHF, yaani chaneli za kuanzia 14 hadi 36. Hapa Houston NBC (KPRC) na Fox (KRIV) ziko huko, kwa hiyo utaziona safi kabisa. Ila CBS yetu, KHOU 11, na ABC yetu, KTRK 13, zinarusha kwa VHF, yaani chaneli za chini ya 14. Mawimbi yake ni marefu zaidi na yanahitaji antena yenye urefu. Antena bapa niliyokuwa nayo kwanza, ya kampuni ambayo haina haja ya kutajwa, ilinipa chaneli tele za mahubiri, za kuuza vito na za sinema za zamani, halafu kwenye 11.1, yaani hiyo KHOU ya CBS, picha inaganda, sauti inakatika, TV inaandika hakuna mawimbi. Yaani chaneli yenyewe iliyokuwa inarusha Emmy mwaka 2025 ndiyo iliyokuwa haikamatiki.

Dawa yake ni masikio. Hesabu si ngumu: kwa chaneli 11 urefu unaofaa ni kama sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo kila sikio unalivuta karibu sentimita 37 hivi. Ukilivuta mpaka mwisho kwa kudhani urefu ndio nguvu, unaharibu. Unayalaza masikio karibu na usawa, upana wake unaelekea kwenye minara. Minara mikubwa ya hapa iko upande wa kusini magharibi, kuelekea Missouri City katika wilaya ya Fort Bend. Tovuti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ina ramani: unaandika anwani yako, inakuonyesha kila kituo kiko upande gani na nguvu yake itakufikaje. Ifungue kabla ya kwenda dukani.

Jambo jingine ni dirisha. Apartimenti nyingi mpya za Texas zina vioo vilivyopakwa utando mwembamba wa madini wa kuzuia joto. Utando huo unarudisha jua, na mawimbi ya TV unayarudisha vilevile. Kwangu antena iliyo dirishani ilifanya kazi vibaya kuliko ile ile ikiwekwa juu ya kabati kwenye ukuta wa mbao na plasta. Tumia mkono wako, sogeza kidogo, tafuta chaneli tena, angalia. Na kama una baraza lako mwenyewe, mwenye nyumba akikwambia antena hairuhusiwi, ijue kanuni ya FCC ya mwaka 1996: sehemu unayoitumia wewe peke yako, hawezi kukukataza kirahisi hivyo. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Tarehe 14 Septemba 2025, Jumapili, sherehe ya Emmy ilianza saa moja usiku kwa saa zetu, ukumbi ukiwa Peacock Theater, Los Angeles, ambako jua lilikuwa bado halijazama. Mshereheshaji alikuwa Nate Bargatze. Alitangaza kwamba atatoa dola 100,000 kwa klabu za watoto, ila kila anayepita sekunde 45 kwenye shukrani zake anapunguza dola 1,000 kwa kila sekunde, na anayemaliza mapema anaongeza. Wazo nililipenda mwanzoni, lakini usiku ulivyoendelea lilinikera. Mtu amefanya kazi miaka ishirini, amepanda jukwaani anatetemeka, anataka kumtaja mama yake, pembeni kuna namba inashuka na inahusu watoto. Mwishowe walitoa dola 350,000, jambo jema sana, na bado naona lingetendeka bila kuwabana watu wenye haki ya kuzungumza.

Picha ilikuwa safi mno. CBS inarusha kwa 1080i, yaani picha ya ubora wa juu (HD), na mawimbi ya hewani hayategemei intaneti ya jengo ambayo Jumapili usiku watu wote wameielemea. Ushahidi niliupata palepale. Jirani yangu Mkongo wa mlango wa pili alikuwa anaangalia kwa programu. Tramell Tillman alipotajwa kuwa mwigizaji msaidizi bora wa kiume kwa tamthilia ya "Severance", Mweusi wa kwanza mwanamume kuipata tuzo hiyo, nilipiga kigelegele. Jirani akaniandikia: "Mama, kuna nini tena?" Kwake walikuwa bado wanasoma majina ya wanaowania. Tillman alisimama akamshukuru mama yake aliyekuwa ukumbini, na mimi nilikuwa namtumia mdogo wangu ujumbe Dar, ambako ilikuwa usiku wa manane wa kuamkia Jumatatu, naye alikataa kulala.

Owen Cooper, kijana wa miaka 15 wa "Adolescence", akawa mwanamume mdogo kuliko wote kushinda Emmy ya uigizaji. "The Studio" ilimaliza msimu ikiwa na tuzo 13, rekodi kwa tamthilia ya kuchekesha. "The Pitt" ikachukua tamthilia bora. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, na nilifurahi sana kwa hilo, kwa sababu ni tamthilia inayoonyesha chumba cha dharura cha Pittsburgh saa kwa saa, sehemu 15 za zamu moja, na wauguzi wamo kweli, hawapiti tu nyuma ya daktari wakibeba faili.

Na hapa ndipo lazima niseme wazi antena inaishia wapi. Angalia tena majina hayo. "Severance" na "The Studio" ni za Apple, "Adolescence" ni ya Netflix, "The Pitt" ni ya HBO Max. Hakuna hata moja inayokuja kwa antena. Vituo vinavyorusha sherehe bure vinakaa usiku mzima vikigawa tuzo za wenzao. Mara ya mwisho kituo cha bure kushinda tamthilia bora ilikuwa mwaka 2006, Fox na "24". Upande wa kuchekesha ni "Modern Family" ya ABC, mwaka 2014. Usiku ule wa 2025 kilichonigusa kwa upande wa CBS ni Stephen Colbert kushinda kipindi bora cha mazungumzo, ukumbi mzima umesimama, ilhali kituo chake kilikuwa kimeshatangaza Julai kwamba kipindi kinafungwa Mei 2026. Kathy Bates wa "Matlock", tamthilia unayoiona bure kabisa kwenye 11.1, aliteuliwa, na tuzo ikaenda kwa Britt Lower wa "Severance".

Haina maana kwamba antena haina tamthilia. Saa za jioni, kwetu Texas kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, zina vitu vizuri. "Abbott Elementary" ya ABC ni shule ya msingi ya Philadelphia isiyo na pesa, na Quinta Brunson aliyeitunga na kuicheza alishinda mwigizaji bora wa kuchekesha kwenye sherehe ile ya Januari 2024. Kwa mtu aliyesoma shule ya madawati matatu kwa darasa zima, ile si tamthilia ya kigeni. "Law & Order: SVU", tamthilia ya polisi, iko NBC tangu 1999 na bado inatoka. Watoto wangu wako kwenye 8.1, KUHT ya Houston, kituo cha kwanza cha elimu kwa umma Marekani nzima, kimeanza 1953. Mimi ningebaki na antena kwa ajili ya hicho kimoja.

Ninachofanya kwa hizo za kulipia ni hiki. Emmy za Septemba zinahukumu vipindi vilivyotoka kati ya Juni mosi ya mwaka uliotangulia na Mei 31. Maana yake mshindi anapotangazwa, msimu ulioshinda umeshatoka wote. Basi nangoja. Naangalia sherehe kwa antena, nachagua mshindi mmoja, nalipia huduma yake mwezi mmoja, namaliza, nasitisha. "Adolescence" ina sehemu nne tu, wikiendi moja inatosha, na kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata kamera, kwa hiyo ukishaianza hutoki. Mwezi unaofuata nahamia kwingine. Orodha ya wateule inayotoka Julai imekuwa mwongozo wangu bora kuliko matangazo yote ya hizo programu.

Kasoro zipo. Dhoruba ya radi ikipita, 13.1 inayumba. Lori kubwa likisimama mbele ya jengo, picha inaweza kuganda. Kurekodi kunahitaji kifaa kingine chenye waya mbili, wa antena na wa diski, na hiyo ni gharama ya pembeni. Ukirekodi CBS siku ya Jumapili, ongeza saa nzima mwishoni, kwa sababu mpira wa miguu wa Marekani ukichelewa unasukuma ratiba yote ya jioni na tamthilia yako inakatika kabla muuaji hajajulikana. Na kila miezi michache iamuru TV itafute chaneli upya, vituo vinahamahama.

Mwaka 2026 zamu ni ya NBC. NBC ina mpira wake Jumapili usiku, ndiyo maana kwenye zamu zake za 2018 na 2022 Emmy ziliwekwa Jumatatu, kwa hiyo mnaofanya zamu za usiku ombeni ruhusa mapema. Kwa Houston ni KPRC, 2.1; namba hiyo ni ya kwenye skrini tu, mawimbi yenyewe ni UHF: hata ile antena bapa ya dirishani itaikamata.