Kurudi kazini wiki ya nane, au kungoja miezi sita?

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), wengi wetu walioajiriwa hurudi wiki nane baada ya kujifungua. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inatoa likizo ya wiki 14, na baada ya kuzaa hazizidi 8. Nafasi yako inabaki, na mshahara, ambao wakati wa likizo ni theluthi mbili, unakuwa kamili tena. Sheria hiyo hiyo inakupa mapumziko mawili ya kunyonyesha kila siku, nusu saa kila moja.

Lakini piga hesabu. Mimi nilikuwa nafanya kazi Ibanda, mtoto yuko Kadutu kwa mama yangu. Nusu saa yote iliishia njiani nikipanda kilima. Ikifika saa nne asubuhi maziwa yameshalowesha blauzi, najifunga kitenge kifuani wateja wasione.

Kungoja miezi sita kunamfaa mtoto, maana huo ndio muda anaohitaji maziwa ya mama pekee. Ila mshahara unakatika, na bosi anaweza kumweka mwingine.

Ningekuwa na uwezo ningengoja, mradi mume au wazazi wabebe kodi ya nyumba. Kama hawawezi, rudi, ila dai zile nusu saa mbili, na mlezi umtafute karibu na kazini, si karibu na nyumbani.