Siku moja Mombasa kwa wanaoshuka melini Kilindini
Matembezi ya Fort Jesus na Mji wa Kale yanastahili kabisa, mradi muanze asubuhi jua halijakaza. Ngome ilijengwa na Wareno 1593–1596. Msikipite chumba cha vyombo vilivyoopolewa kwenye San Antonio de Tanna, meli iliyozama hapo mbele 1697. Kisha ingieni vichochoroni kwa miguu: milango ya nakshi, vibaraza, kahawa chungu ikimiminwa kutoka kwenye dele, na kashata kando yake. Iliki na mdalasini nunueni sokoni Marikiti. Kosa la ratiba nyingi ni kuongeza Haller Park, bustani ya wanyama, siku hiyohiyo. Iko Bamburi, ng'ambo ya daraja la Nyali, na foleni ya jioni pale inaweza kuwakosesha meli. Nauli ya tuktuk ipatanisheni kabla ya kupanda.