Korg Minilogue: nobu ya Shape na filta yenye sura mbili

Niliichukua Minilogue, sinthesaiza (kinanda cha kuunda sauti) ya Korg, kwa sababu ya sauti zake nne za analogi, yaani inapiga hadi noti nne kwa pamoja. Nilitaka kupiga kodi (noti kadhaa kwa mpigo mmoja), si noti moja moja. Ila kinachonikalisha mbele yake hadi usiku ni namna inavyokuruhusu kuifinyanga sauti kwa vidole.

Kila sauti ina osileta (chanzo cha wimbi la sauti) mbili, na kila osileta inatoa wimbi la msumeno, la pembetatu au la mraba. Hapo ndipo nobu ya Shape, kitufe cha kuzungusha kinachobadili umbo la wimbi, inapoingia. Weka wimbi la mraba, zungusha taratibu: sauti inakonda, inaanza kutokea puani. Kwenye pembetatu wimbi linajikunja, na ile sauti laini kama filimbi inapata ukali. Unayaona yote hayo kwenye skrini ndogo inayochora wimbi papo hapo. Kwa aliyekuwa akisoma habari za mawimbi bila kuzielewa, kama mimi, skrini hiyo ina thamani kubwa mno. Sasa ielekeze LFO (osileta ya polepole isiyosikika yenyewe, kazi yake ni kutikisa vitu vingine) kwenye Shape, mwendo wa polepole: osileta moja inanenepa kana kwamba vinanda viwili vinapigwa pamoja. LFO ni moja tu, kwa hiyo unachagua: itikise Shape, filta, au kimo cha noti.

Filta, inayokata masafa ya juu ya sauti, nayo ina swichi ambayo wengi wanaipita. Upande mmoja inakata kwa upole, desibeli 12 kwa oktava, upande wa pili kwa ukali, 24. Kwa besi nataka 24: mng'aro wote unazimika, unabaki uzito. Kwa kodi ndefu narudi 12, maana kodi inabaki na hewa ya kupumua. Ukiongeza resonansi (mkazo pale filta inapokatia) kidogo na kuiachia envelopu (badiliko linaloanza kila unapobonyeza noti) ifungue filta polepole, noti inatamka kama mdomo unaofunguka kutoka "u" kwenda "a". Envelopu hiyo inaweza pia kuifunga filta badala ya kuifungua, na mimi napenda hivyo kwa midundo mifupi.

Dilei, yaani kifaa cha mwangwi kilichomo ndani, iko sawa, ina filta yake ya kupunguza besi ili mwangwi usijae matope.

Sikwensa, inayorekodi noti na kuzirudia, ina hatua 16, na inarekodi hata mizunguko ya nobu. Jana niliacha kodi moja ijirudie huku Shape na filta zikitembea zenyewe, nikasikiliza nusu saa nzima bila kugusa kibonye.