Nimeunganisha Zero ya plastiki skeli 1/48, uzoefu wangu

Jamani nimeimaliza hii Zero, ile ndege ya kivita ya Wajapani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Mitsubishi A6M2 modeli 21 ya kwenye manowari za kubebea ndege, imenila wiki tatu za usiku usiku nikitoka kazini na hapa naandika vidole bado vina gundi.

Malalamiko kwanza niyamalize. Jamaa niliyemuagizia mtandaoni kapaki hovyo, boksi limefika limebonyea kona na ncha ya bawa la kushoto imekatika pale kwenye bawaba, nimemwandikia mara mbili kimya mpaka leo. Na zile stika za duara jekundu ukizichelewesha kidogo kwenye maji zinajikunja kama manda ya sambusa, moja imenipasukia. Maelekezo ni Kijapani kitupu ila michoro inaeleweka.

Sasa utamu uko kwenye kiti cha rubani. Kidude chenyewe hakizidi ukucha wa kidole gumba, halafu kimejaa matundu, mi nikajua kiwanda kimeharibu, mwanangu kaja kachungulia, "Baba, hiki kiti kimeliwa na panya?" Ikabidi nikasome. Kumbe hata kile cha ukweli kilitobolewa hivyohivyo, makusudi, kupunguza uzito!

Ni kwamba jeshi la majini la Japani mwaka 1937 lilitoa masharti yanayogombana yenyewe kwa yenyewe, ndege iwe na mbio, iende mbali, ikate kona haraka, ibebe mizinga miwili ya milimita 20 na bado iweze kutua kwenye sitaha ya meli. Kampuni ya ndege ya Nakajima wakaona isiwe tabu, wakajitoa. Akabaki mhandisi Jiro Horikoshi wa Mitsubishi na timu yake, na injini waliyoanza nayo, Zuisei, ilikuwa na hosipawa 780 tu, na baadaye walipopata yenye nguvu zaidi ikawa Sakae, ya haohao Nakajima waliokimbia, yaani nimecheka peke yangu. Injini ndogo, masharti makubwa, utafanyaje sasa, unakata gramu moja moja popote unapoiona.

Ndo maana kwenye seti bawa la chini linakuja kipande kimoja ncha mpaka ncha. Nilidhani wametuhurumia sisi waunganishaji, kumbe ndege yenyewe bawa lilijengwa pamoja na sehemu ya mbele ya kiwiliwili halafu ya nyuma ikaja kufungwa kwa bolti, ili kukwepa vile vyuma vizito vya kuungia mabawa. Wakatumia na aloi (mchanganyiko wa metali) mpya ya kampuni ya Sumitomo, nyepesi ila ngumu. Ikiwa tupu ilikuwa kama kilo 1,680 tu.

Ila ukiwa unaunganisha unaona na kisichokuwepo. Nimetafuta bamba la kumkinga rubani mgongoni, hamna. Matangi nayo hayakuwa ya kujiziba, risasi ikipita mafuta yanamwagika, moto. Wamarekani walipookota moja kisiwa cha Akutan kule Alaska mwaka 1942 wakaitengeneza wakairusha, wakagundua ikienda kasi sana usukani unakuwa mzito kuilaza ubavu, na ukiisukuma pua chini ghafla injini inakata. Siri imevuja hapo.

Halafu hii nimemsimulia kila mtu: ya kwanza kabisa ilitoka kiwandani Nagoya ikiwa vipande vipande juu ya mikokoteni ya ng'ombe, barabara mbovu, mwendo wa kama kilomita 48 mpaka uwanja wa Kagamigahara, ndo ikaruka 1 Aprili 1939. Ndege ya kisasa kuliko zote walizonazo, mbele ng'ombe!

Waliotengeneza seti nawapa nyota nne, moja nimeikata kwa ajili ya stika, mambo ya boksi ni ya muuzaji. Na ile ncha iliyokatika, modeli 21 ncha zake zilikuwa zinakunjwa sentimita 50 kila upande ili ienee kwenye lifti ya meli, kwa hiyo nimeigundisha ikiwa imekunjwa juu, na ya kulia nikaikunja ifanane. Wageni wanasifia eti nimezingatia historia, mi nimenyamaza.