Kijiwe cha vijana maktabani, Moshi: uzoefu wangu wa miezi mitano

Natoa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya meza ya barazani, nitaifikia.

Mpwa wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, nakaa naye hapa Majengo kwa sababu baba yake yuko Mererani machimboni. Mwezi wa pili alirudi na karatasi: maktaba moja ya hapa mjini imeanzisha kipindi cha vijana wa miaka 13 hadi 18, kila Jumamosi saa tatu hadi saa saba, bure. Hakuna silabasi wala mtihani, kila mmoja aje na jambo analolipenda. Mimi nikajua ni ujanja wa kukwepa kufua.

Tuliitwa wazazi. Mratibu akaeleza kwamba mtindo huu una historia: maktaba ya Harold Washington kule Chicago ilifungua ukumbi wa vijana mwaka 2009, una kompyuta, kamera na vyombo vya muziki, na wasanii wanakaa humo na watoto. Chance the Rapper, msanii wa rap wa huko huko Chicago, alikuwa akipanda jukwaa la hapo angali mwanafunzi. Akamtaja na mtafiti wa chuo kikuu huko Marekani, Mizuko Ito, ambaye na wenzake waliona vijana wanapitia hatua tatu. Mratibu aliziita kijiwe, yaani kukaa tu na wenzao, kuchokonoa, yaani kujaribujaribu vitu, na kuzama, yaani kuingia kwa kina kwenye jambo moja. Mzazi mmoja nyuma akauliza, "Na hiyo ya kuzama inaanza wiki ya ngapi?" Tukacheka, lakini ndilo swali ambalo kila mzazi angepaswa kuuliza.

Kwa wa kwangu ilikuwa wiki ya saba. Wiki sita alikuwa kijiweni tu, nauli ikitoka kwangu. Nilikaribia kumkataza. Ukimpeleka wako, jiandae kwa hilo, usianze kudai matokeo Jumamosi ya pili.

Wiki ya saba akaja na mchoro wa jezi ya timu ya mtaa, kijani na nyeusi, kauchora kwa Inkscape, programu ya bure iliyomo kwenye kompyuta zao. Rangi nzuri, ila mkono wa jezi umechomekwa begani kama bomba la maji. Nikamwambia hii haivaliki.

"Kwa nini, shangazi?"

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa kumi na tisa huu. Nikamwonyesha kwamba kichwa cha mkono kinakatwa kwa mviringo, na mviringo huo lazima ukutane na ule wa kwapa. Akauliza mstari uliopinda unapimwaje kwa rula. Nikachukua uzi, nikaulaza juu ya mpindo, nikaunyoosha kwenye futi. Akanyamaza kidogo, akachukua uzi, akarudia mwenyewe mara tatu. Usiku huo alikata jezi nzima kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, akamwaga vumbi sebuleni kwangu.

Siku chache baadaye mratibu akanipigia: "Mama, tunaomba uje na cherehani." Nikapakia ile ya mkono kwenye bajaji. Watoto tisa wamenizunguka, naanza kushona, mishono inaruka. Aibu gani hiyo! Nilikuwa nimeacha sindano yangu ya vitenge, na kitambaa cha jezi kinavutika, kinataka sindano ya ncha butu inayopita kati ya nyuzi bila kuzitoboa. Nami hilo nalijua, nilisahau kwa haraka. Kabla sijafungua mdomo binti mmoja alishaperuzi kwenye simu: "Mama, itakuwa ni sindano." Nikampa hela, akaenda maduka ya Mbuyuni, akarudi nayo. Tangu hapo yeye ndiye anayesimamia sindano.

Cherehani maktabani, sasa! Mzee mmoja anayekuja kusoma magazeti alilalamika, na alikuwa na haki. Tukatolewa nje barazani, tukawekewa meza ndefu, na ndipo kipindi kikachangamka. Wa biti za muziki wakahamia huko, wa kutengeneza redio nao, na wapita njia wakawa wanasimama kuuliza. Kama ningekuwa nafungua kitu kama hiki ningeanzia barazani moja kwa moja.

Kilichonikera. Mwezi wa tano kijana aliyekuwa anasaidia upande wa kompyuta alipata kazi kwingine, na wiki tatu hakuletwa mtu. Watoto wakakaa na simu wakila intaneti ya maktaba kwa video za gemu. Kipindi cha aina hii bila mtu mzima anayejua kazi fulani kwa mikono yake ni banda la gemu lenye vitabu. Nililisema, nikajibiwa "tutaangalia".

Pili, Jumamosi. Watoto wa Kisabato hawaji kabisa, na wasichana wengi wanafika saa tano baada ya kufua na kudeki, kompyuta nne zinazofanya kazi zimeshakaliwa na wavulana. Niliomba mbili ziachwe hadi saa tano. Hilo walikubali, sifa kwao.

Tatu, wanahesabu vichwa mno. Kila wiki sahihi, kila wiki picha mbele ya bango. Sijawahi kuona karatasi inayouliza mtoto ametengeneza nini.

Kaka yangu alipiga simu juzi. "Dada, huyo nilimleta asome. Novemba ana mtihani wa taifa. Jezi inatoka kwenye mtihani?" Sikuwa na jibu. Hesabu zake hazijapanda wala kushuka. Tumekubaliana kwamba kuanzia Septemba Jumamosi moja ataenda tuisheni, moja maktaba, na mtoto kanuna siku mbili.

Jezi kumi zimeshakamilika, mbili zina kola iliyopinda kidogo na wachezaji wanazigombania wasizivae. Ya kipa bado, ana mabega mapana na amekataa kupimwa hadi ahakikishiwe itakuwa ya njano.