Transfoma ya wati 2,000 na vyombo vya jikoni kutoka Marekani: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu Kisumu

Dada yangu aliporejea nyumbani Kisumu baada ya kuishi Marekani kwa miaka mingi, aliniletea vyombo vinne vya jikoni alivyokuwa akivitumia huko: mashine ya kukandia unga, blenda, sufuria ya umeme ya kupikia wali na maikrowevu. Mimi huoka keki na mikate ya kuuza nyumbani kwangu mtaani Migosi, kwa hivyo ile mashine ya kukandia ilinifaa kuliko alivyodhani yeye mwenyewe. Kibandiko cha kila chombo kilisema volti 120, hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50. Tangu wakati huo nimetumia transfoma ya kushusha volti kwa mwaka mmoja na nusu, na ninaandika haya kwa sababu nilipohitaji ushauri nilipata matangazo ya wauzaji tu, wala sikumpata mtu aliyekwisha kupika nayo.

Nianze na kosa lililonifikisha kwenye transfoma. Mwanzoni nilinunua adapta katika duka moja mjini, na muuzaji akanihakikishia kwamba chombo chochote cha Marekani kitafanya kazi nayo. Adapta hubadilisha umbo la plagi peke yake. Umeme unaopita ndani yake ni ule ule wa volti 240. Nilipowasha sufuria ya wali, maji yalichemka upesi kupita kiasi, nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua, na taa yake ikazima. Fundi wa umeme kutoka Kibuye aliifungua kitako akanionyesha fyuzi ndogo ya joto iliyokatika, kisha akanieleza jambo ambalo sijalisahau: "Mama, volti zikiwa mara mbili, moto hauwi mara mbili, unakuwa mara nne." Chombo cha kupasha joto kikipewa volti maradufu huvuta pia mkondo maradufu, na viwili hivyo vikizidishana, sufuria ya wati 400 inalazimika kutoa karibu wati 1,600. Fyuzi hiyo ndiyo iliyoinusuru sufuria yangu, na pengine jiko lote. Wapo pia wanaoacha hata adapta, wakachokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya meno mawili iingie. Ninawasihi waache, kwa sababu kifuniko kile cha ndani kiliwekwa ili kuwakinga watoto, na kinachoingia hapo bado ni volti 240.

Transfoma niliyonunua baadaye ni ya wati 2,000. Ilinigharimu shilingi 9,500, ina uzito wa kilo 8 hivi, na haikai juu ya rafu nyembamba. Sanduku lake limeandikwa kwamba hugeuza volti 220 kuwa 110, maneno yaliyonitia wasiwasi hadi fundi alipoipima. Kazi yake hasa ni kugawa kwa mbili: ikipokea 240 hutoa 120, na hiyo ndiyo hesabu ninayoitaka. Siku ya kwanza mita ilisoma 242 kwenye soketi na 121 kwenye transfoma. Yeyote anayenunua angemwomba muuzaji apime mbele yake, kwani upo pia mtindo wa vibadilishi vyepesi vya mkononi vinavyokatakata umeme badala ya kuushusha. Hivyo vilikusudiwa vifaa sahili vya kupasha joto kwa muda mfupi, navyo huweza kuharibu chombo chenye mota au saketi za kielektroniki.

Mashine ya kukandia ndiyo inayofanya nisijutie fedha hizo. Ndani yake mna mota ya brashi za kaboni, ambayo kasi yake hufuata volti na uzito wa kazi, si hezi, na kwa sababu hiyo haijali kwamba imehama nchi. Kila Ijumaa hukanda unga wa mikate ya Jumamosi, makundi manne mfululizo, na katika msimu wa harusi huchapa siagi na sukari karibu kila siku, wala transfoma haijawahi kupata moto wa kunitisha, kwa maana mashine yenyewe haifiki hata wati 400. Tatizo nililokutana nalo lilitoka kwenye umeme wenyewe. Kuanzia saa moja jioni, watu wengi mtaani wanapopika na kupiga pasi kwa pamoja, volti hushuka, na kwa kuwa transfoma hii hugawa tu bila kusawazisha, upungufu huo huingia moja kwa moja katika mashine. Jioni moja nilipima nikapata 212 ukutani, maana yake mashine ilikuwa inapata 106, na unga mzito wa mkate ukaanza kuielemea hadi mlio wake ukabadilika. Sasa ninakanda asubuhi. Anayelazimika kufanya kazi jioni aangalie pia kifaa cha kusawazisha volti, akiweke kati ya soketi na transfoma.

Blenda sina mengi ya kusema juu yake. Ni ya wati 1,200, ina mota ya aina ile ile, nayo husaga karanga vizuri sana.

Maikrowevu ndiyo iliyonifundisha kwamba volti si habari yote. Transfoma hubadilisha volti, lakini hezi hutoka kama zilivyoingia, na hakuna transfoma ya kawaida itakayozigeuza 50 kuwa 60. Dalili ya kwanza ilikuwa saa ya maikrowevu, ambayo ilipoteza dakika kumi katika kila saa moja, kwa kuwa ilihesabu muda kwa mizunguko ya umeme. Hata dakika tano za kupasha chakula zilikuwa sita kwa saa ya ukutani, na hata hivyo chakula kilitoka vuguvugu, huku sahani ikizunguka polepole na mngurumo wa ndani ukiwa mzito. Fundi alinieleza kwamba ndani ya maikrowevu ya aina hii mna transfoma nyingine kubwa, iliyoundwa kwa ajili ya hezi 60, na kwamba ikilishwa hezi 50 chuma chake hujaa sumaku, ikavuta mkondo wa ziada na kupata joto. Feni inayoipoza nayo hupungua kasi, hivyo joto huzidi mahali ambapo nguvu ya kulipoza imepungua. Niliitumia kwa wiki tatu nikaiacha. Nilinunua nyingine ya volti 240 na hezi 50 hapa hapa mjini, na ninaamini huo ulikuwa uamuzi ambao ningeufanya siku ya kwanza kama ningejua kusoma kibandiko hadi mwisho.

Baada ya habari kuenea kwamba nina "stima ya Marekani", jirani yangu alinijia na sufuria ya wali ambayo mwanawe alimletea kutoka Japani, akiomba aitumie kwangu. Niliikataa kwa upole na nikamweleza sababu. Umeme wa nyumbani wa Japani ni volti 100, chini hata ya ule wa Marekani, na sufuria ya volti 100 ikipewa 120 hutoa joto zaidi kwa asilimia 44. Isingeungua siku hiyo hiyo, lakini ingechosha kipasha joto chake na kugandisha wali chini. Inapendeza kujua kwamba Wajapani wenyewe wanaishi na jambo hili ndani ya nchi moja: upande wa mashariki, uliko mji wa Tokyo, hutumia hezi 50, na upande wa magharibi, uliko Osaka, hutumia hezi 60, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 mmoja ulinunua jenereta za Kijerumani na mwingine za Kimarekani.

Kuhusu usalama, transfoma nyingi za bei hii hazitenganishi umeme wa nyumbani na wa chombo. Waya wa ndani ni mmoja unaotumiwa na pande zote mbili. Kwa hiyo waya wa ardhi ni muhimu mno, hasa jikoni ambako mikono huwa na maji. Soketi ya transfoma yangu ilikuwa na tundu la tatu, lakini fundi hakuridhika kuliona tu. Alipima kutoka kwenye mwili wa chuma wa mashine ya kukandia hadi kwenye jino la ardhi la plagi ya ukutani, akahakikisha kwamba njia imeunganika. Transfoma ninaiweka mbali na sinki na siifuniki kwa kitambaa, maana inahitaji hewa. Mara tatu hivi, nilipoiwasha, breka iliruka papo hapo, kwa kuwa transfoma huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi inapoamka. Nilirudisha breka, nikawasha transfoma ikiwa haina mzigo, na ikakubali. Tena ninazima swichi ya ukutani kila nimalizapo kazi. Ikiachwa imewashwa hubaki na joto usiku kucha hata kama hakuna chombo kilichochomekwa, na joto hilo linalipiwa kwa tokeni zangu.

Wati 2,000 zilizoandikwa mbele nazichukulia kuwa ukomo wa muda mfupi. Kwa kazi inayozidi nusu saa sivuki wati 1,000. Ndiyo maana sufuria ya wali, iliyorekebishwa kwa kutiwa fyuzi mpya na sasa hupika vizuri kwenye transfoma, situmii pamoja na blenda.

Dada yangu anatarajia kuleta mizigo iliyobaki mwezi wa Desemba, nayo ina kibaniko cha mkate, birika la umeme na mashine ya pili ya kukandia kwa ajili ya mteja wangu mmoja. Nimemwomba apige picha kibandiko cha kila chombo anitumie kabla hajafunga sanduku. Birika na kibaniko nimemwambia awape majirani wa huko, kwa sababu vinauzwa hapa kwa bei isiyofikia nusu ya ile ya transfoma. Mashine ya kukandia aifunge vizuri aje nayo.