Uzoefu wangu wa kununua Sienna mpya Texas: cha juu kimebandikwa dirishani kabisa

Nianze kwa kusema gari yenyewe sina ugomvi nayo. Toyota Sienna haibridi, yaani inayotumia petroli na umeme wa betri, tunayo mpaka leo, watoto watatu na mama mkwe na mabegi yao wote wanaenea, milango ya nyuma inafunguka kwa kuslaidi kama Noah, yaani ni Noah iliyosoma chuo, na mafuta inakunywa kidogo, kwa hesabu zangu napata kama kilomita 15 kwa lita. Kwa gari peke yake natoa nyota tano bila kufikiria. Ninachotaka kusimulia ni jinsi nilivyoipata, na hapo ndo nyota zinaanza kuanguka moja moja.

Ilikuwa 2022, tunaishi kaskazini mwa Dallas, tulikuwa na Corolla ya zamani ambayo haijawahi kutuangusha, lakini mke wangu, mama Amani, akapata mimba ya tatu na viti vitatu vya watoto haviingii siti ya nyuma ya Corolla, msiniulize nimejuaje, nilishinda nusu saa pale paking nasukuma kwa goti jasho linatoka. Na mwaka ule ndo mwaka mbaya kuliko yote wa kutafuta gari mpya. Chipu za kompyuta za kwenye magari ziliadimika tangu 2021, viwanda vikawa vinatoa gari chache, halafu mafuta nayo yakapanda, mwezi wa 6 wastani wa nchi nzima ukavuka dola 5 kwa galoni, basi kila mtu akakumbuka haibridi. Sienna ndo usiseme, kuanzia modeli ya 2021 wanaitoa haibridi tu, ya petroli tupu hamna. Gari chache, watu wengi, aliyekulia Kariakoo anajua kinachofuata.

Kwa walioko nyumbani niwaeleze kidogo maana najua mtauliza si ungeenda tu kununua kiwandani. Huwezi. Sheria za majimbo mengi huku zinataka gari mpya iuzwe na dila, sio kampuni iliyoitengeneza, na Texas ni wakali kwenye hilo, hata Tesla ambao makao makuu yao yako Austin hawaruhusiwi kuwa na duka la kukuuzia gari mpya moja kwa moja. Toyota nao makao yao makuu ya Amerika Kaskazini yako Plano, jengo nalipita karibu kila siku nikienda kazini, lakini pale hupati hata matairi. Unaenda kwa dila, na dila ni mfanyabiashara wa kujitegemea, gari ni yake, bei anapanga yeye. Kile kiasi kilichoandikwa kwenye stika ya kiwanda ni bei "iliyopendekezwa". Hilo neno lisome taratibu, mi nililisoma haraka.

Nilipiga simu sehemu sita. Wawili hawakuwa na gari, mmoja alisema subiri mwaka, wengine wakawa wanajibu kitu kimoja kama wamekaririshwa, njoo kwanza tuongee. Sasa hivi najua ukiambiwa njoo tuongee maana yake bei ipo ila wanaona aibu kuitaja kwenye simu. Kuna mmoja kwenye tovuti yake alikuwa nayo moja, rangi ya kijivu, dola 41,870, picha ishirini na kitu. Nikapiga, nikauliza bei ni hiyohiyo? Dada wa mapokezi akasema ndiyo bei ya gari ni hiyo. Hakudanganya ukiangalia sana.

Tukaenda Jumamosi asubuhi. Hapa Texas dila lazima afunge siku moja ya wikendi, wengi wanafunga Jumapili, kwa hiyo Jumamosi pale ni kama stendi siku ya kuamkia Krismasi. Gari tukaikuta imepaki mbele kabisa, inang'aa. Dirishani kuna ile stika ya kiwanda, dola 41,870 kama ilivyo. Pembeni yake kuna stika nyingine. Karatasi ileile, maandishi ya ukubwa uleule, ukiwa mgeni utadhani zote zimetoka kiwandani. Imeandikwa marekebisho ya soko, dola 7,500. Chini yake kifurushi cha ulinzi wa gari, dola 2,995, ndani yake kuna tinti, plastiki za kulinda kingo za milango, dawa ya kupaka kwenye bodi, na naitrojeni kwenye matairi. Jumla dola 52,365.

Naitrojeni jamani. Hewa hii tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, ninayo kwangu bure.

Mama Amani alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika mgongo, akasoma ile stika mara mbili kimya kimya, akaniambia, "Baba Amani, hiki si ndo cha juu hiki?"

Nikacheka lakini ndo ukweli. Kaka yake ni dalali Dar, viwanja Kigamboni, vyumba Sinza, siku hizi na magari, na kwao chakula cha mezani kinatokana na cha juu. Mwenye mali anataka milioni kumi, dalali anakwambia kumi na mbili, mbili zake. Tofauti ni kwamba dalali wetu anakificha, anawatenganisha wewe na mwenye mali msikutane msije mkaulizana bei, anaona soni kidogo. Huku wamekiprinti kwa rangi wakakibandika na gundi.

Akaja muuzaji, kijana kavaa polo ya kampuni, tunaongea Kiingereza pale, mara akasikia tunateta na wife kwa Kiswahili, akashtuka. Mkenya, wa Nakuru. Basi salamu nyingi, wapi, umekuja lini, nikajua hapa mambo yameisha, mtu wa nyumbani. Nikamwambia bwana mdogo nitolee hii elfu saba. Akaangalia nyuma kwanza ofisi ya meneja ile yenye vioo, akasema, "Mzee, wacha nikuambie ukweli. Hiyo si mimi naweka, ni wakubwa. Na hii gari usipoichukua leo, Monday haiko."

Nikamuuliza na wewe unapata ngapi humo. Alicheka tu. Baadaye ndo nilielewa wauzaji wengi wanalipwa kamisheni kulingana na faida ya ile gari, kwa hiyo cha juu kikipanda na yeye anapanda nacho. Simlaumu, ana kodi ya nyumba kama mimi. Ila ile "mzee" ilinilegeza kidogo, nikakubali kuingia ndani "tuangalie namba", na ukishaingia ndani ndugu yangu umeshakaa kwenye kiti cha kinyozi.

Ndani hawaongelei bei. Hilo ndo nataka mlishike. Meneja analeta karatasi amegawanya vyumba vinne, bei ya gari, gari yako ya zamani wanakupa ngapi, kianzio, na malipo ya kila mwezi, halafu anauliza kwa mwezi ungependa kulipa ngapi. Nikasema mi nataka tuongelee hii 7,500. Anasema sawa sawa, lakini kwa mwezi unajisikia vizuri na ngapi? Nikarudia. Akachukua kalkuleta, akachukua cha juu na kile kifurushi, 10,495, akagawa kwa miezi 84, akanigeuzia, dola 125 hazifiki kwa mwezi, ni hela ya chakula cha mchana. Miezi 84 ni miaka saba! Mtoto aliyekuwa tumboni wakati ule angemaliza mkopo yuko darasa la kwanza. Na hapo riba hajaiweka. Na kodi ya gari Texas ni asilimia 6.25 ya bei unayolipa, kwa hiyo kwenye ile 7,500 tu serikali nayo inachota dola 468 na senti, cha juu kinazaa cha juu.

Kilichonitoa kwenye kiti lakini ni kitu kingine. Nilimuuliza hivi nikitoka hapa kesho nikagongwa gari ikaisha kabisa, bima watanilipa ngapi? Akasema thamani ya gari sokoni. Nikasema na ile elfu kumi ya marekebisho na naitrojeni? Akaanza kuniuzia bima nyingine ya kuziba hilo pengo. Nyingine! Dola mia nane na kitu. Wife akasimama, hakusema neno, akachukua pochi. Ukiona mama Amani amechukua pochi mjadala umefungwa.

Kijana wa Nakuru alitusindikiza mpaka kwenye Corolla. Pale nje akaniambia kitu ambacho ndo kimenifanya nisimwandike vibaya hapa, alisema, "Mzee, enda miji midogo. Huko wanaogopa jina kuharibika. Na usiende kama hujaandikiwa bei kwa imeili." 

Basi nikaanza kazi. Karibu wiki tatu, usiku watoto wakilala, natuma imeili Oklahoma, Arkansas, Kansas, mpaka Missouri. Sikuuliza bei ya gari tena, niliuliza jumla yote mpaka naondoka na funguo mkononi ni ngapi, kila kitu, kila karatasi, niandikie. Ungeona wanavyochanganyikiwa. Kuna mmoja alijibu kwa kunitumia picha ya gari, mwingine alinipigia simu wakati nimeandika nisipigiwe. Wengi cha juu kilikuwepo, elfu tatu, elfu tano, mmoja alitaka elfu tisa nikampongeza kwa ujasiri. Mwishowe nikapata mzee mmoja mji mdogo Oklahoma, imeili ya mistari minne, hatuongezi kitu juu ya bei ya stika, weka dola 500 zinazorudishwa, rangi huchagui, subiri. 

Tulisubiri miezi mitano. Mtoto alizaliwa tukawa tunaenda kliniki na gari mbili kama msafara wa waziri, mimi na Corolla, rafiki yetu na gari yake nyuma. Niseme ukweli kuna siku nilitaka kurudi kwa wale wa cha juu, hasa ile wiki mama mkwe alipofika kutoka Morogoro na mabegi manne na kinu. Ndiyo, kinu.

Gari ilikuja nyeupe. Sikutaka nyeupe, huku watadhani mi ni teksi ya eapoti. Nilienda nayo hivyohivyo. Bei ya stika kama ilivyoandikwa kwenye imeili, wakaniongezea mazulia ya mpira dola 299 ambayo nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kubishana na mazulia kweli yapo, unayaona. Kodi nikaja kulipia Texas wakati wa kusajili.

Yule mzee wa Oklahoma ndo alinifundisha kuhusu ile stika yenyewe. Anasema stika ya kiwanda dirishani ipo kwa sheria ya 1958, na aliyeipigania ni seneta wao wa Oklahoma, Mike Monroney, ndo maana mpaka leo wenye biashara wanaiita kwa jina lake. Kabla ya hapo dila alikuwa anakutajia bei iliyomjia kichwani. Na kuibandua hawaruhusiwi, anayeruhusiwa ni mnunuzi. Aliniambia hivyo kwa fahari kabisa, kama vile seneta alikuwa mjomba wake. Niliibandua mwenyewe taratibu, iko kwenye droo ya makaratasi.

Sasa kuna watu wameniuliza hivi hii kitu ni halali? Cha juu ni halali, ile bei ni pendekezo. Mwanzoni mwa 2022 Ford na General Motors waliwatishia madila wanaozidisha bei kwamba watapunguziwa mgao wa magari, lakini kutishia ndo hivyo tena. Tume ya serikali kuu inayosimamia biashara ilitangaza kanuni Desemba 2023 ya kuzuia vile vifurushi visivyo na faida kwa mteja, na mfano mmoja waliotoa ni naitrojeni isiyozidi ile iliyopo kwenye hewa ya kawaida, niliposoma nilipiga meza! Lakini madila wakaenda mahakamani na Januari 2025 kanuni ikafutwa kabla hata haijaanza kufanya kazi. Kwa hiyo hewa bado inauzwa.

Siku hizi magari yamekuwa mengi, gari za kawaida unaweza hata kupunguziwa chini ya stika. Ila kitu kikiwa cha moto mchezo ni uleule. Land Cruiser iliporudi Marekani na modeli ya 2024, ambayo nyumbani tunaiita Prado, kiongozi mmoja wa jumuiya yetu alinipeleka nimsindikize, tukakuta dirishani stika mbili. Sikumwambia kitu, nilimwonyesha tu kwa kidole. Alisoma mpaka mwisho, akauliza, "Na hii naitrojeni ndo nini?"

Wakati naandika hii nilikuwa natafuta picha ya ile stika ya 2022 kwenye simu, nikaipata, nikamtumia shemeji yangu dalali kule Dar na maelezo yote, elfu saba na mia tano, dola sio shilingi, imeandikwa wazi, na watu wanasaini. Akakaa kimya kama dakika kumi, naona tu anaandika anafuta, anaandika anafuta. Mwisho ikaingia meseji moja:

"Shem, hapo wanaajiri?"